Kiti Kisichoshindaniwa

Besiboli ya vyuo vikuu nchini Japani imegawanywa katika ligi 26, nazo haziendeshwi kwa kanuni moja. Ligi ya Vyuo Sita vya Tokyo, iliyoundwa mwaka 1925, haina kupanda daraja wala kushuka. Chuo Kikuu cha Tokyo, mwanachama mmojawapo, hakijapata kuwa bingwa. Tangu Oktoba 2010 hadi Mei 2015 kilishindwa michezo 94 bila kushinda hata mmoja, na kiti chake hakikutikisika. Lakini katika ligi ya Tohto, mjini humo humo, timu inayoshika mkia katika daraja la kwanza hupambana na bingwa wa daraja la pili, ikishindwa, hushuka.

Wapo wanaoitetea desturi ya Vyuo Sita kwa hoja kwamba Chuo Kikuu cha Tokyo hakiandikishi mwanafunzi kwa ajili ya ustadi wake michezoni. Uadilifu huo twauheshimu. Hata hivyo, vijana wa vyuo vingine wataingia kwa mlango upi, hata wakijitahidi namna gani? Desturi inayomnyima mtu malipo ya juhudi yake hugeuka kuwa upendeleo. Kiti cha heshima na kishindaniwe, kama wafanyavyo Tohto.