Nyayo za Vipuri Zahitaji Kamusi

Wapo wanaoshangaa kumwona mwalimu wa isimu akijitosa katika mambo ya mafundi wa elektroniki. Mshangao huo hauna msingi. Tatizo linalowasumbua vijana wetu wanaobuni bodi za saketi, kuanzia Kitale hadi Bungoma, si uhaba wa akili wala wa bidii. Ni tatizo la majina, na majina ndiyo kazi ya mwanaisimu.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hii, na ieleweke hivi. Bodi ya saketi hubuniwa kwanza kwenye kompyuta. Kila kipuri kitakacholehemiwa juu yake, kiwe rezista, kapasita au transista, huwakilishwa na mchoro wa mahali ambapo miguu yake itakanyaga: vibao vidogo vya shaba, matundu, na mipaka ya umbo lake. Mchoro huo nitauita unyayo. Wakenya wa rika langu, walionyweshwa maziwa ya Nyayo shuleni, huenda wakatabasamu kulisikia neno hili. Hata hivyo, silioni jingine linalofaa zaidi, wala hatuna sababu ya kuiachia siasa neno zuri namna hii. Nyayo zikikusanywa pamoja huwa maktaba, nayo maktaba hiyo haitofautiani na kamusi. Jina la unyayo ni kidahizo, na vipimo vyake ndivyo maana.

Hapo ndipo balaa huanzia. Chukua tarakimu 0603. Kwa wanaopima kwa inchi, hicho ni kipuri chenye urefu wa milimita 1.6 na upana wa milimita 0.8. Kwa wanaopima kwa milimita, tarakimu zizo hizo zamaanisha kipuri cha milimita 0.6 kwa 0.3, yaani chembe ambayo eneo lake ni takriban sehemu moja ya saba ya kile cha kwanza. Mwalimu wa Kiswahili atasema mara moja kwamba hivi ni vitawe. Sisi tunaoandika kamusi tumekwisha zoea: paa la nyumba, paa wa mwituni na kitenzi kupaa hutenganishwa kwa tarakimu ndogo kando ya kidahizo. Maktaba za KiCad, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 1992 na Jean-Pierre Charras nchini Ufaransa, zimefuata busara hiyo hiyo, kwani rezista hiyo huitwa R_0603_1608Metric, vipimo vyote viwili vikiwa ndani ya jina moja. Jina ni refu na baya masikioni, lakini halimdanganyi mtu.

Mwanafunzi mmoja wa Kamukuywa, anayesomea ufundi wa umeme katika chuo nisichokitaja, alibuni bodi ya kudhibiti joto katika mashine ya kutotolesha vifaranga (na nani atamlaumu Mbukusu kwa kuwafikiria kuku?). Unyayo wa rezista aliupata kwa mwenzake, nao uliitwa "R0603" tu, bila neno zaidi. Akaagiza bodi China, akangoja majuma kadhaa. Zilipofika, vipuri alivyokuwa navyo mkononi vilikuwa vya inchi, na nyayo zilikuwa za milimita. Fedha zilizopotea zilitokana na magunia ya mahindi ya mamake.

Transista nazo zina visa vyao. BC547 na 2N3904 hufanana umbo na idadi ya miguu, lakini ukizitazama kwa upande ulio bapa, ya kwanza huanza na kolekta na ya pili huanza na emita. Anayelehemu kwa mkono aweza kuigeuza, mashine haitajua.

Habari njema ni kwamba katika KiCad kila unyayo huhifadhiwa katika faili yake ya maandishi ya kawaida. Kwa hiyo mwanafunzi aliyejifunza Python kidogo anaweza kuandika programu fupi ya kupitia maktaba nzima kwa dakika chache, ikikagua kama kila jina limefuata kanuni, kama mguu wa kwanza umetiwa alama, kama vipimo vyaafikiana na jedwali la mtengenezaji. Aidha, programu hiyo yaweza kuzalisha jamaa nzima ya nyayo kutokana na jedwali moja, bila mtu kuchora kwa mkono.

Hata hivyo, natofautiana na wale wanaodhani kwamba programu itatuondolea mzigo wa kukubaliana. Mashine hukagua tu kile ambacho watu wamekwisha kuafikiana. Itakumbukwa kwamba Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930, na kamusi ya Johnson ikachapishwa mwaka 1939. Uamuzi ulitangulia, kazi ya kamusi ikafuata. Na maadamu wenye Kimvita hawakuridhika, malalamiko yao yamesikika hadi leo. Sisi wenyewe bado tuna kompyuta, tarakilishi na ngamizi, na hakuna programu itakayotuamulia.

Kwa hiyo nawapendekezea walimu wa Kitale National Polytechnic, Chuo Kikuu cha Kibabii na Masinde Muliro wakae pamoja siku mbili, wanafunzi wakiwamo, waandike ukurasa mmoja wa kanuni za majina. Maelezo ya kila unyayo yawe kwa Kiswahili. Unyayo mpya usipokelewe katika maktaba ya pamoja kabla ya programu kuukagua na mtu wa pili kuupima kwa rula dhidi ya kipuri chenyewe. Na mwalimu mmoja wa lugha aketi mezani, kwani yeye ndiye atakayeuliza kwanza, "0603 ipi?" Waanze na rezista na kapasita pekee, transista zaweza kungoja muhula wa pili.