Nunua Gari Yako

Mwambie dereva apunguze mbio pale Jogoo Road, jibu unalijua tayari: "Ukiona hivyo nunua gari yako!" Gari nzima inacheka. Na anayecheka zaidi ni abiria mwenzako, ambaye roho yake iko mkononi kama yako.

Nimechoka kuambiwa eti huu ndio utamaduni wetu, kwamba Mkenya hana nidhamu wala aibu. Aibu tunayo, tena tele. Jaribu kumwaga maji machafu mlangoni pa jirani katika ploti yoyote ya Kayole. Mama Nanii hatangoja askari wa kaunti. Utasemwa kabla ndoo haijakauka, na kufika jioni ushapewa jina jipya. Sheria gani ya Bunge inafanya kazi haraka hivyo?

Watu ni wale wale, ila macho wanayoogopa ni tofauti. Kwenye ploti, ukinyamaza unaonekana mjinga. Ndani ya mat, mjinga ni anayeongea, kwa sababu Eastlands tumelelewa kwamba msee mgumu halalamiki. Anayelalamika ni mbabi, mtoto wa mayai na soseji. Heri uvunjike mguu kuliko uitwe hivyo.

Ndiyo maana sheria za Michuki zilituponyoka. Zilianza Februari 2004: mikanda, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, abiria 14. Tukajifunga tukiona polisi, tukafungua mbele kidogo. Siku hizi mkanda wenyewe ukiupata, unachafua shati.

Sasa linganisha na stika. James Habyarimana na William Jack, watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, walibandika stika ndani ya matatu zikimhimiza abiria asinyamaze dereva akiendesha vibaya. Katika jaribio la kwanza, madai ya bima yalipungua kwa nusu au zaidi. Karatasi tu! Nionavyo mimi, ilitosha kila mtu kujua kwamba wenzake pia wameisoma. Baadaye kampeni ikaitwa Zusha, na hapo walicheza kama wao. Kulalamika ni kwa wababi, lakini kuzusha? Hiyo ni lugha ya mtaa, hata mgumu anaweza.

Kwa hivyo wewe unayecheka kiti cha nyuma, swali ni lako. Kange anakimbiza tripu afikishe hesabu ya mwenye gari. Wewe unakimbiza nini?