Barua Usiyojiandikia

Mtumishi wa umma, awe mwalimu Pangani au karani Mkinga, hufungua barua pepe ya kazini akakuta imetoka kwa anwani yake mwenyewe: kompyuta yako imetekwa, lipa kwa Bitcoin. Aibu humsukuma kulipa. Asilipe, wala asijibu. Nyuma ya bahasha mtu yeyote huweza kuandika jina lolote, na karani wa posta haulizi. Kanuni za kusafirisha barua pepe zilizotungwa mwaka 1982 nazo hazikumtaka mtumaji athibitishe jina lake.

Hata hivyo, si haki mzigo huu kuachiwa mtumishi peke yake. Kinga zipo, SPF na DMARC, ziiwezeshazo mitambo inayopokea kuikataa barua ya kughushi. Ofisi isiyoziweka imemwachia mlaghai muhuri mezani. Wakuu wa idara hawana budi kuwauliza mafundi wao: zimewekwa?