Mlango Wazi Hautoshi

Injili ya Marko, sura ya 2, inasimulia habari za mtu aliyepooza. Nyumba alimokuwa Yesu haikufungwa. Umati ndio uliomzuia kufika. Wenzake wanne wakambeba, wakatoboa paa, wakamshusha.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, ili hata aliye mbali na mji asome bila kuacha kazi yake. Ni mlango wazi, tumshukuru Mungu. Lakini mfikirie mama wa Lionja, Nachingwea, anayelima korosho. Ada amelipa. Masomo yako kwenye intaneti, nako kifurushi kimekwisha, mtandao unasuasua, simu haina chaji. Akichelewesha kazi ataonekana mzembe, na mtihani wake ni uleule wa mwenzake wa Dar es Salaam. Hapo haki iko wapi?

Serikali na vyuo vina wajibu wao; nasi tuna wetu. Parokia yenye umeme na kompyuta iwafungulie wanafunzi ofisi yake jioni mbili kwa wiki, bila kuuliza dini ya mtu. Yesu aliiona imani ya wale wabebaji. Yetu ataionea wapi?

Dominika njema.