Kubadili kauli si kudanganya

Panda daladala ya Mbagala au kaa kijiweni Tandale, na mazungumzo yakigusa UVIKO-19 hukumu ni moja: wataalamu walitudanganya. Mara barakoa si lazima kwa kila mtu, mara zivaliwe. Mara klorokwini inaponya, mara inaua. Basi, hawajui kitu.

Hukumu hiyo ni potofu, na ni ya hatari.

Tuchukue klorokwini yenyewe, dawa ambayo wengi wetu tuliimeza utotoni hadi mwili ukawasha, kabla Tanzania haijaiacha mwaka 2001 kama tiba ya kwanza ya malaria. Machi 2020, mtafiti Didier Raoult na wenzake wa Marseille, Ufaransa, walichapisha matokeo ya wagonjwa 36 tu, wakidai ndugu yake, haidroksiklorokwini, inaondoa virusi. Dunia ikaikimbilia. Mei 22, jarida la The Lancet likatoa kinyume chake: dawa inaongeza vifo, kwa takwimu zilizodaiwa kutoka kwa wagonjwa 96,000 katika hospitali 671. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likasitisha majaribio yake ya dawa hiyo. Lakini kampuni ya Surgisphere, iliyotoa takwimu hizo, haikukubali zikaguliwe zote. Juni 4 makala ikaondolewa.

Hapo ndipo mkosoaji husema, umeona? Asiishie hapo. Walioumbua takwimu hizo ni wanasayansi wenzao, tena hadharani, ndani ya wiki mbili. Siku moja baada ya makala kuondolewa, RECOVERY, jaribio la Uingereza lililowagawa wagonjwa kwa kura, likatangaza kuwa dawa hiyo haiwasaidii waliolazwa. Juni 16 likaonyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya bei nafuu, hupunguza vifo kwa theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa asiyehitaji oksijeni, haikuonyesha faida. Chapisho la Raoult nalo liliondolewa na jarida lake Desemba 2024.

Kosa letu, basi, ni kupokea kila chapisho kama neno la mwisho. Chapisho moja ni hoja iliyowekwa mezani. Kinachofaa kufuatiliwa ni mwelekeo: tafiti zilizofuata zimesema nini, wagonjwa walikuwa wangapi, walilinganishwa na nani, na nani amekagua takwimu.

Jiji letu la Dar es Salaam lina ushahidi wake. Miaka ya 1990, tafiti za awali zilitia matumaini kwamba vitamini A ingepunguza maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Wajawazito zaidi ya 1,000 wenye VVU wa hapa jijini wakaingia kwenye jaribio, na likaonyesha kuwa vitamini A inaongeza hatari hiyo. Kauli ilibadilika kwa sababu yao, na watoto wa nchi nyingi wakanufaika. Nani atathubutu kuwaambia kina mama wale kwamba walishiriki uongo?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dharau hii kwa ushahidi iliufanya ukimya uonekane busara. Baada ya Aprili 29, 2020, Tanzania Bara iliacha kutangaza takwimu za wagonjwa kwa zaidi ya mwaka mzima, wakati watafiti wa Kilifi, Kenya, wakipima damu za wachangiaji ili kujua virusi vimeenea kiasi gani. Asiyesema hasahihishwi, na asiyehesabu hajui aliopoteza.

Mlipuko mwingine ukija, Wizara ya Afya na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) zitoe kila mwezi waraka mfupi wa Kiswahili, ubandikwe kwenye zahanati kuanzia Manzese hadi Chamazi: nini kilisemwa, nini kimepinduliwa, kwa ushahidi gani. Redio zitangaze kufutwa kwa utafiti kwa uzito uleule zilioutangazia. Na mtaalamu akirudi kusema, "Tumepima upya, tulikosea," tumsikilize. Wa kumtilia shaka ni yule ambaye kauli yake haijasogea tangu Machi 2020.