Kufungwa Kamba Si Aibu

Vijana wetu wengi wanataka kupaa kabla ya kusimama. Kazi isiyoleta faida mwezi wa kwanza huachwa, na uanagenzi huonekana utumwa. Wenye fikra hizo na waisikilize habari ya Harrier, ndege ya vita ya Waingereza inyanyukayo wima pasipo kukimbia uwanjani.

Mwaka 1957 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba makombora yatachukua nafasi ya ndege nyingi za kivita. Kampuni ya kuunda ndege ya Hawker haikukunja mikono. Ilitumia injini ya Pegasus, iliyotokana na wazo la Mfaransa Michel Wibault. Injini hiyo ina midomo minne ya kugeuzwa: ikielekezwa chini, ndege huinuka, ikielekezwa nyuma, ndege huenda mbele. Gharama za mwanzo za kuunda ndege yenyewe, Hawker ilizitoa mfukoni mwake.

Tarehe 21 Oktoba 1960, huko Dunsfold, ndege ya majaribio P.1127, iliyozaa Harrier, ilivuliwa kila kisicho cha lazima ili iwe nyepesi, ikafungwa kamba juu ya wavu wa chuma. Rubani Bill Bedford aliipanda akiwa na plasta mguuni, kwani alikuwa amevunjika katika ajali ya gari. Ikanyanyuka kidogo tu, ikiyumba kama mtoto anayejifunza kusimama. Mpita njia angecheka. Lakini mwezi uliofuata ilielea bila kamba, na Septemba 1961 ikaweza kuinuka wima kisha ikashika mwendo wa kwenda mbele.

Utaniambia, heri kulenga juu tangu mwanzo. Walilenga! Ndege yao nyingine, P.1154, ilikusudiwa kuishinda kasi ya sauti. Ilifutwa mwaka 1965 kabla haijaruka hata mara moja. Harrier, isiyofikia kasi hiyo, iliingia jeshini mwaka 1969 na kuwatumikia Waingereza hadi 2010. Simba mwenda pole ndiye mla nyama.

Sisifu silaha; nasifu subira ya mafundi. Basi mzazi, usimcheke mwanao anayeshika spana za fundi mwingine. Nawe kijana, usiionee haya kamba ya leo. Yumba ukiwa umefungwa, ujue kosa lako liko wapi. Siku ukiweza kusimama, utaifungua mwenyewe.