Kaza skrubu ya miwani, lakini usilisahau jicho

Mama mmoja mshonaji nguo alinijia zahanati mara tatu akilalamikia maumivu ya kichwa. Mara ya kwanza nilimpima shinikizo la damu, nikaliona sawa, nikampa tembe za kutuliza maumivu. Mara ya pili nikafanya vivyo hivyo. Ni mara ya tatu, alipoitoa miwani mkobani ili atie sahihi kwenye fomu, ndipo nilipokiona kitu nilichopaswa kukiona tangu siku ya kwanza.

Mkono mmoja wa miwani hiyo ulikuwa umefungwa kwa uzi mweusi wa cherehani. Sehemu ya katikati, inayokaa juu ya pua, ilikuwa imegandishwa kwa ile gundi kali ya vichupa vidogo ambayo wengi huiita supaglu. Kioo cha kushoto kilikuwa na ukungu mweupe usiofutika, tena kilikaa chini kuliko cha kulia.

"Mama, miwani hii ni wewe uliyeitengeneza?" nilimuuliza.

"Ni kijana wangu, daktari. Lakini haishiki vizuri. Wiki nyingine inaona, wiki nyingine haioni. Ikikataa namwambia aigandishe tena."

Maneno hayo yalinishtua. Miwani mbovu huwa mbovu kila siku. Haiwi mbovu wiki hii na nzima wiki ijayo. Nilimtoboa kidole nikapima sukari. Kipimo kilisoma 17, ilhali 11.1 kwenda juu, kwa mtu mwenye dalili, hutosha kutuambia kwamba ana ugonjwa wa kisukari.

Sukari inapopanda mwilini, lenzi iliyo ndani ya jicho hubadilika umbo, na namba ya miwani anayohitaji mtu hubadilika nayo. Sukari ikishuka, namba hurudi ilikokuwa au karibu na hapo. Kwa miezi mingi mama huyu alikuwa akiilaumu gundi, nami nikimpa tembe, hali maradhi yakiendelea na kazi yake.

Sikisimulii kisa hiki ili nimcheke mtu. Kati yetu watatu, yaani mama, mwanawe na mimi, niliyestahili lawama zaidi ni mimi niliyesomea kazi hii.

Wapo wenzangu ambao wangetoa funzo moja tu hapa: kwamba miwani isitengenezwe nyumbani kamwe. Mimi sikubaliani nao. Nimeshavuka miaka 40, na kama wengi wa rika langu siwezi kusoma gazeti hili bila miwani. Wakati mmoja skrubu ya miwani yangu ilipotea. Katika duka moja la jijini niliambiwa kwamba skrubu za aina hiyo hazipatikani, heri ninunue miwani mpya. Nilitoka nikaenda kwa fundi wa saa aliyeketi kando ya njia, akachagua skrubu katika kikopo chake, akaitia kwa bei ya kikombe cha chai. Miwani hiyo ninayo hadi leo.

Kwa hivyo namwunga mkono mwananchi anayetengeneza miwani yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ni muhimu ajue ufa ni upi na ukuta ni upi.

YANAYOFANYIKA NYUMBANI

Fremu ni chombo kama vyombo vingine, na matatizo yake mengi ni madogo. Skrubu ikilegea, ikaze kwa bisibisi ndogo, miwani ikiwa imelazwa juu ya kitambaa ili vioo visikwaruzwe. Ikiwa hulegea kila mara, itoe, ipake tone dogo la rangi ya kucha ile isiyo na rangi, kisha uirudishe na kuiacha ikauke. Haitalegea upesi, na siku ukitaka kuifungua itafunguka.

Skrubu ikipotea, waya mwembamba au uzi wa kuvulia samaki unaweza kuushikilia mkono wa miwani kwa siku chache. Usitumie pini. Nafasi ile iko karibu mno na jicho, na ncha ya pini haijui kwamba ulikusudia mema.

Vile vijipira viwili vya puani vikichakaa au kugeuka rangi, badilisha. Ni rahisi, na vikiwa vizima huzuia miwani kuteremka na kukuachia vidonda puani. Mkono wa plastiki uliopinda unaweza kuchovywa katika maji ya moto kiasi, yasiyochemka, kisha ukanyooshwa polepole. Chovya mkono peke yake, kwani joto huharibu utando uliopakwa juu ya vioo vingi vya siku hizi. Fremu ya chuma nayo inyooshe kidogo kidogo, na ukiona imeanza kufanya ufa, acha.

Kuosha ni maji safi na sabuni laini, halafu kitambaa laini cha pamba. Pindo la leso au shati lenye vumbi hufanya kazi ya msasa.

YASIYOFAA KUGUSWA

Tuje kwenye gundi. Ile gundi kali inapokauka hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe juu ya kioo, na ukungu huo haufutiki. Ndiyo sababu kioo cha yule mama kilikuwa kama dirisha la bafuni. Zaidi ya hayo, gundi hiyo ni ngumu lakini haina unyumbufu, hivyo fremu huvunjika tena palepale, kila mara ikizidi kupinda. Na ikikurukia jichoni, usisugue wala usijaribu kuyafungua kope kwa nguvu. Osha kwa maji mengi ya uvuguvugu na uende hospitali mara moja.

Usisugue mikwaruzo ya kioo kwa dawa ya meno, kama wengi wanavyoshauriana. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Utauondoa utando wote na kuongeza mikwaruzo mahali ulipotaka kuipunguza. Kioo kilichokwaruzwa hubadilishwa, hakitengenezwi.

Jambo kubwa zaidi ni mahali kioo kinapokaa. Kila lenzi ina kitovu chake, na kitovu hicho hupangwa kiwe mbele ya mboni ya jicho. Lenzi moja ikishuka milimita chache kuliko mwenzake, kila jicho huletewa picha mahali tofauti, na misuli ya macho hulazimika kuvutana kutwa nzima ili kuziunganisha. Malipo yake ni kichwa kuuma, shingo kukaza, na pengine kuona vitu viwiliviwili.

Kwa mwenye lenzi za kurekebisha jicho lisilo duara sawasawa, hali ni mbaya zaidi. Lenzi hiyo ina mwelekeo wake. Ikizunguka ndani ya fremu kwa digrii 30, faida yote ya urekebishaji huo hupotea, hata kama kioo chenyewe ni kizima na fremu yang'aa.

Kwa kifupi, fremu waweza kuitengeneza, lakini uoni hautengenezwi kwa bisibisi.

KINACHOFICHWA NA MIWANI KUUKUU

Hofu yangu si uzi wala gundi. Hofu yangu ni kwamba miwani inayotengenezwa mara kwa mara humpa mwenyewe sababu ya kutopimwa macho. Akiona giza, husema miwani imechakaa. Akiumwa na kichwa, husema imepinda. Kila kasoro ya jicho hupata mahali pa kujificha.

Na yapo maradhi yanayopenda maficho hayo. Glakoma, katika aina yake ya kawaida, hunyakua uoni kuanzia pembeni, polepole na bila maumivu, nasi Waafrika tumo miongoni mwa wanaoathiriwa zaidi. Uoni uliopotea kwa glakoma haurudi, na hakuna namba ya miwani inayoweza kuurudisha. Mtoto wa jicho huanza kama ukungu ambao mtu huufuta kwenye kioo bila kuisha. Kisukari nacho nimekwisha kukitaja.

Shirika la Afya Duniani lilisema katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba watu wapatao milioni 826 walikuwa na tatizo la kutoona karibu kutokana na umri, bila kupata miwani ya kuwafaa. Hao ni washonaji, mafundi, makarani na walimu walio katika miaka yao bora ya kazi. Uchunguzi uliofanywa kwa wachumaji chai wa miaka 40 na zaidi huko Assam, India, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha kwamba waliopewa miwani ya kuonea karibu walizidisha mavuno kwa takriban asilimia 22 wakilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa. Mwajiri anayeona miwani ni pambo na aisome hesabu hiyo.

Nina maombi matatu. La kwanza ni kwetu madaktari wa kawaida: mgonjwa wa kichwa asitoke chumbani kabla ya kuulizwa kuhusu miwani yake na kuombwa aitoe tuione. La pili ni kwa wauza miwani: wekeni skrubu na vijipira, na mwambieni mteja ukweli kwamba fremu yake nzima inaweza kutiwa vioo vipya. Wengi huogopa kwenda kupimwa kwa kudhani watalazimishwa kununua kila kitu upya.

La tatu ni kwako msomaji. Ukifika miaka 40, kapimwe macho hata kama unaona vizuri, na uulize ni lini urudi. Mwenye kisukari apimwe kila mwaka. Hospitali nyingi za kaunti zina kitengo cha macho, mbali na zile kubwa kama Kenyatta na hospitali ya macho ya Kikuyu.

Yule mama hakununua miwani mpya siku ile. Nilimzuia mimi mwenyewe, kwa sababu namba iliyopimwa sukari ikiwa juu ingekuwa ya uongo mwezi uliofuata. Tuliinyoosha ile kuukuu kadiri ilivyowezekana, tukaukata uzi tukatia skrubu, imsaidie wakati dawa zikifanya kazi. Wiki kadhaa baadaye, sukari ilipotulia, alipimwa na kupewa namba yake ya kweli. Kichwa hakimuumi tena. Sukari yake tunaipima kila anapokuja.

Leo jioni, baada ya kuikaza skrubu yako, jiulize ulipimwa macho lini. Ikiwa huukumbuki mwaka, basi kazi ya bisibisi imekwisha, na iliyobaki ni ya daktari. Ukishapimwa, andika tarehe ndani ya kasha la miwani, mahali utakapoiona kila siku.